Bagamoyo: Wapelekeni watoto kwenye nyumba ya waliokombolewa

LIKIZO ikikaribia, wazazi wengi wa Dar es Salaam huulizana swali lile lile: mwaka huu watoto tuwapeleke wapi? Ufukweni wameshakwenda, na michezo ya kwenye simu imewachosha hata wao. Jibu moja liko umbali wa kilomita 70 hivi, kwa barabara inayopita Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Ni Bagamoyo. Wengi wakifika mji huo huishia Kaole na Mji Mkongwe, wakanunua samaki, wakarudi. Kaskazini kidogo ya mji, karibu na bahari, kuna mahali pengine panapostahili nusu siku nzima ya familia. Wenyeji wanapaita Misheni.

Hapa si mahali pa mabembea. Watoto waliishi hapa, mamia kwa mamia, na karibu wote hawakuwa na baba wala mama wa kuwashika mkono. Ukimpeleka mwanao, ujiandae kwa maswali.

Njia ya miembe

Unaingia kwa kupita chini ya miembe mikubwa iliyopandwa pande mbili za njia. Ilianza kupandwa mwaka 1871. Leo shina moja halikumbatiwi na mtu mmoja, na kivuli chake ni cha baridi hata jua la saa saba linapochoma. Waambie watoto wasimame hapo kidogo. Kazi nyingi za mikono katika Misheni hii, kuanzia mashamba, minazi na miembe hadi majengo, zilifanywa na watu waliotoka utumwani, na wengine kati yao walikuwa na umri wa mtoto wa shule ya msingi.

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora hadi pwani. Wapagazi walishuka na pembe za ndovu. Pamoja nao walikuja watu waliotekwa, wakavushwa kwa majahazi kwenda Unguja kuuzwa sokoni. Mtoto aliyefika pwani alikuwa ametembea kwa miezi. Mara nyingi hakujua kwao ni wapi kwa jina ambalo mtu wa pwani angelitambua, na hata kama angelijua, hakukuwa na njia salama ya kumrudisha.

Katika mji huo, Machi 1868, walikuja kukaa mapadre na mabruda wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa, ambao wengi huwaita Waspiritani. Walikuwa wamefika Unguja mwaka 1863 wakiongozwa na Padre Antoine Horner, mzaliwa wa Alsace. Huko walipokea kazi iliyoanzishwa mwaka 1860 na mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion. Unguja palikuwa pembamba kwa mpango wao. Walitaka ardhi ya kulima na nafasi ya watoto kukua. Kwa idhini ya Sultani Majid wakavuka bara.

Vijana wawili, karne mbili

Ili kuelewa kwa nini wanaume hao walijali watoto wa sokoni, inafaa kurudi nyuma kidogo hadi Ufaransa.

Shirika lao lilianzishwa Paris siku ya Pentekoste, tarehe 27 Mei 1703. Mwanzilishi, Claude Poullart des Places, alikuwa na miaka 24. Baba yake alikuwa tajiri wa mji wa Rennes na alitamani mwanawe awe mtu mkubwa wa mahakama. Kijana akachagua njia nyingine. Alikuwa akigawa fedha zake za matumizi kwa wanafunzi wenzake waliokuwa wakilala njaa, na akiwafundisha dini watoto waliotoka milima ya Savoy kuja Paris kusafisha mabomba ya moshi. Alianza na wanafunzi maskini wapatao dazeni moja katika nyumba ya kupanga. Alifariki mwaka 1709 akiwa na miaka 30 tu.

Zaidi ya karne moja baadaye alitokea mwingine, François Libermann. Huyu alizaliwa mwaka 1802, mtoto wa rabi wa Kiyahudi, akabatizwa mwaka 1826. Alikuwa na kifafa, na ugonjwa huo ulimzuia kupata upadre kwa miaka mingi, hadi 1841. Mwaka huo huo alianzisha shirika la kuwahudumia watu weusi waliokuwa watumwa au waliotoka utumwani visiwani. Mmoja wa wenzake wa mwanzo, Jacques-Désiré Laval, alikwenda Mauritius akaishi miongoni mwa waliowekwa huru hadi alipofariki mwaka 1864. Mwaka 1848 shirika la Libermann likaungana na lile la Poullart des Places. Waliofika Unguja mwaka 1863 walikuwa watoto wa muungano huo.

Mzazi mwenye mtoto anayeugua kifafa anaweza kuitaja habari ya Libermann kwa makusudi. Mtu ambaye wakubwa wake walidhani hafai kwa sababu ya ugonjwa ndiye aliyekuja kuongoza shirika zima.

Senti za watoto wa mbali

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watoto watauliza: walikombolewaje?

Jibu la kweli ni kwamba walinunuliwa. Wamisionari walikwenda na fedha, wakalipa bei, wakaondoka na mtoto. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa watoto wenzao. Mwaka 1843 askofu wa Nancy, Charles de Forbin-Janson, alianzisha nchini Ufaransa chama cha watoto wa Kikatoliki. Kila mtoto alitoa senti kidogo kila mwezi na kusali kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Chama hicho bado kipo. Ni kile ambacho parokia nyingi za Tanzania zinakiita Utoto Mtakatifu. Mtoto wa Kikatoliki anayevaa skafu yake Jumapili na kutoa mia mbili kanisani anaweza kuambiwa kwamba senti kama hizo zilifika Bagamoyo zaidi ya miaka 150 iliyopita. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini mzazi asiishie hapo, kwa sababu mtoto mwenye akili atauliza tena: ukimlipa mwizi, si atakwenda kuiba mwingine? Swali hilo liliulizwa hata wakati ule. Waingereza na wamisionari wa Kiprotestanti walisema wazi kwamba kununua watumwa, hata kwa nia ya kuwaweka huru, kunaipa biashara hiyo uhai. Waliokuwa wakinunua walimtazama mtoto aliyesimama mbele yao siku ile, mgonjwa, ambaye kesho angekuwa ameondoka na jahazi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na soko la Unguja likafungwa. Baada ya hapo watoto wengi waliokuja Misheni walikuwa wametolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Kiingereza.

Maisha ndani ya Misheni

Jumba lililojengwa mwaka 1876 kwa ajili ya masista leo ni makumbusho. Hapo kuna picha za zamani, pingu na minyororo. Watoto wadogo wanaweza kuogopa. Washike mkono, na usiwaharakishe wala kuwalazimisha.

Masista wenyewe wana habari yake. Walikuwa Mabinti wa Maria kutoka Réunion, shirika lililoanzishwa mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo. Tangu mwanzo lilipokea wanawake weupe pamoja na wanawake waliotoka utumwani. Kwa hiyo kati ya waliowalea wasichana wa Misheni, walikuwapo waliotoka katika jamii zilizoujua utumwa. Waliwauguza, wakawafundisha kushona, kupika na kusoma.

Wavulana walisoma, walisali na walilima. Wengine walijifunza useremala, uashi na uhunzi. Haikuwa kazi rahisi. Kipindupindu kilipita pwani mwaka 1869 na 1870 kikaua watu wengi. Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja na pwani ya Bagamoyo, kikabomoa majengo ya Misheni. Wakaanza upya. Kanisa la zamani, ambalo mnara wake bado umesimama, ni la mwaka huo huo. Nyumba kubwa ya mapadre yenye baraza zake ilianza kujengwa mwaka uliofuata.

Vijana walipokua walioana, wakapewa nyumba na kiwanja katika kijiji cha Kikristo kilichokuwa sehemu ya Misheni. Walilima mashamba yao, na sehemu ya wiki walifanya kazi za Misheni.

Hapa ndipo simulizi nyingi za utalii hukata habari, nayo haifai kukatwa. Maisha ya kijijini yaliendeshwa kwa kengele: saa ya kuamka, ya kusali, ya kazi, ya kulala. Aliyevunja kanuni aliadhibiwa, na fimbo ilitumika. Shajara za wamisionari wenyewe zinaonyesha kwamba baadhi ya waliokombolewa walinung’unika, na wengine walitoroka. Walikuwa wametolewa kwenye mnyororo, lakini wapi pa kuishi na siku ipite vipi bado yaliamuliwa na mtu mwingine. Libermann alikuwa amewaandikia wamisionari wake mwaka 1847 akiwasihi waache ya Ulaya na wajifanye kama watu wanaowahudumia, kwa namna ya watu hao. Bagamoyo ushauri huo ulikuwa mgumu kuutimiza.

Mzazi anaweza kulielewa hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Kumlisha mtoto, kumvisha na kumsomesha ni upendo. Kumsikiliza anapokua na kusema anataka njia yake ni upendo pia, na mara nyingi ndio unaotushinda. Wanaume wale walifaulu sana katika la kwanza. La pili lilichukua muda mrefu.

Karibu miaka 100 baadaye, Mspiritani mmoja Mmarekani, Vincent Donovan, aliyefanya kazi Loliondo miongoni mwa Wamaasai, alilisema wazi. Aliona kwamba kujenga misheni yenye shule na hospitali na kusubiri watu waje ndani kulikuwa kumemweka padre mbali na watu. Mwaka 1966 aliacha boma la misheni, akawafuata wazee kwenye maboma yao, akakaa akazungumza nao. Kitabu chake cha mwaka 1978 kinasomwa hadi leo, na ndani yake anaikosoa njia ya Bagamoyo bila kuwadharau walioianza.

Waliobeba kazi

Watoto wa Misheni hawakubaki kuwa watoto. Mwaka 1877 Padre Horner na Padre Étienne Baur walipokwenda kufungua Mhonda, katika milima ya Morogoro, walifuatana na familia changa za Kikristo kutoka Bagamoyo. Mandera ilifuata mwaka 1881. Baadaye wakafika Kilimanjaro, ambako misheni ya Kilema inakumbukwa pia kwa miche yake ya kahawa. Popote padre alipokwenda, yupo aliyejua njia, aliyejenga nyumba ya kwanza, aliyefundisha watoto kusali kwa lugha wanayoielewa. Makatekista hao wa mwanzo walikuwa watu waliowahi kuwa na bei. Majina ya mapadre yameandikwa kwenye mawe. Ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Tusisahau na lugha yenyewe. Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani hii mwaka 1879, alikaa karibu miaka 20 akisikiliza watu wanavyosema, kijiji kwa kijiji, akikusanya pia mimea na majina yake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris kati ya 1939 na 1941, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Wataalamu wa Kiswahili bado wanaifungua kutafuta maneno ya lahaja ambayo mijini hayasikiki tena.

Mnara, makaburi na mbuyu

Ukiwa kwenye mnara wa kanisa la zamani, wasimulie watoto habari ya Februari 1874. Chuma na Susi, pamoja na wenzao, walifika hapa wakiwa wamebeba mwili wa David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walitembea kwa miezi zaidi ya tisa. Chuma alikuwa ametolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa akiwa kijana mdogo. Mwili ulilazwa Misheni usiku mmoja kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, na kutoka hapo Uingereza. Watu waliojua maana ya kubebwa bila hiari walimbeba rafiki yao kwa hiari, mwendo ambao leo ni wa siku kadhaa kwa basi.

Kutoka hapo nenda makaburini. Usiwaambie watoto chochote kwanza. Waache wasome tarehe za kuzaliwa na kufariki, kisha wafanye hesabu ya kutoa. Watagundua wenyewe kwamba wengi waliolala hapo walikuwa vijana. Mtu aliyepanda meli kuja huku alijua huenda hatarudi. Dunia ilithibitisha mwaka 1897 tu kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Kabla ya hapo, homa ilikuwa fumbo. Baadhi ya mama na baba wa Ufaransa walipokea barua badala ya mtoto.

Karibu na njia kuna mbuyu uliopandwa mwaka 1868, mwaka ambao Misheni ilianza. Ukiutazama vizuri chini ya shina utaona kipande kifupi cha mnyororo kikichomoza. Wenyeji wanasimulia kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiendesha zahanati hapo, alifunga mnyororo huo ili kumfungia punda wake. Ulisahaulika, na mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza. Watoto huupenda mti huu kuliko kitu kingine chochote hapo Misheni. Wengi hudhani mnyororo ni wa watumwa. Ni vizuri kuwaambia ukweli, kwamba ulikuwa wa punda wa mganga.

Kanisa kubwa jipya, lililojengwa kati ya 1910 na 1914, bado linatumika, na Wakristo hukusanyika humo kila Jumapili. Mji unaolizunguka una Waislamu wengi, na majirani hawa wameishi pamoja tangu mwanzo. Vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani vilipozuka mwaka 1888 na mji ukawaka, maelfu ya watu walikimbilia Misheni. Bushiri, aliyekuwa akipigana na Wazungu, aliwaheshimu mapadre na hakuigusa nyumba yao.

Leo shirika hilo linafanya kazi katika nchi zaidi ya 60, na Watanzania wamo ndani yake kwa wingi. Mapadre waliozaliwa Kilimanjaro, Morogoro na Arusha wanatumwa kuhudumia maskini katika nchi nyingine, wakiagana na wazazi wao kama wale wa zamani walivyoagana na wa kwao.

Kabla hamjaondoka nyumbani

Tengeni nusu siku. Asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa sababu sehemu kubwa ni ya kutembea nje. Bebeni maji, kofia na viatu vya kufunga. Kwa kuwa ni mahali pa sala na makaburi, vaeni nguo za heshima, na watoto wasipande juu ya makaburi wala mbuyu. Ombeni mwongozo wa makumbusho awatembeze. Ana mengi ambayo mabango hayasemi.

Kwa watoto chini ya miaka saba, miembe, mbuyu na ufukwe vinatosha. Wa darasa la tatu na kuendelea wanaweza kuingia makumbusho mkiwa pamoja. Mkubwa wa sekondari mpe swali la kutafutia jibu mwenyewe: je, ilikuwa sahihi kununua watu ili kuwaweka huru? Mwacheni ajibu, na mzazi asikilize hadi mwisho kabla ya kusema lake.

Mkirudi, huenda mtoto akauliza kama yale mambo yamekwisha. Mjibuni kwa vitu anavyoviona: binti wa kazi wa miaka 12 aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya shule, au mvulana anayelala stendi. Hapo hakuna soko wala mnyororo, ila kuna mtoto aliye mbali na mama yake. Kama yupo wa namna hiyo nyumbani kwenu au kwa jirani, mazungumzo ya safari yaanzie kwake: amekula nini leo, amelala wapi, na shule ataanza lini.